Chumbe, kisiwa kinachoilinda bahari kuanzia chooni

MTOTO wa kiume wa miaka 10 aliingia chooni, akatoka mbio huku akishikilia kaptura yake.

"Mama, choo kimeharibika. Hakina maji!"

Mama yake, aliyekuwa barazani akimsuka upya mdogo wake nywele zilizofumuliwa na upepo wa baharini, akamtazama baba. Baba naye akamtazama mlinzi wa kisiwa. Mlinzi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia malalamiko hayo mara nyingi.

"Hakijaharibika, mwanangu. Ndivyo kilivyojengwa. Ukimaliza, unachota kata moja ya mboji kavu iliyomo kwenye ndoo, unamwagia, basi."

Familia hiyo ilitoka Tabata, Dar es Salaam, kuja kuona matumbawe. Hakuna aliyetarajia kwamba somo la kwanza kuhusu matumbawe lingeanzia chooni. Lakini katika Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, choo ndicho mahali pazuri pa kuanzia.

Safari ya kutoka Mbweni

Boti ya Chumbe huondoka Mbweni, nje kidogo ya mji, na safari huchukua takriban dakika 45 bahari ikiwa shwari. Kwa mbali kinachoonekana kwanza ni mnara wa taa, mweupe, uliojengwa mwaka 1904 kuongoza meli zinazopita kati ya Unguja na Dar es Salaam. Kisha unaonekana msitu wa kijani kibichi, halafu mapaa makubwa ya makuti yaliyojificha katikati ya miti.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Urefu wake ni kama kilomita moja tu, na mtu anaweza kukivuka kwa miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla ya jasho kukauka. Ardhi yake yote ni maweni, yaani mawe ya matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka. Miti imeota kwenye nyufa za mawe hayo. Usiku hutoka kaa wakubwa wa nazi, wanaopanda miti na kutembea kama wenye nyumba. Karibu na mnara kuna msikiti mdogo wa zamani uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa, na nyumba waliyokuwa wakiishi sasa ndiyo kituo cha kupokelea wageni.

Watoto walivutiwa na kaa. Baba alivutiwa na paa za nyumba.

Nyumba saba za wageni hazina kisima wala bomba kutoka mjini. Mapaa yake mapana hukinga mvua, maji huchujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, na hayo ndiyo ya kuogea mwaka mzima. Umeme ni wa jua. Maji yaliyotumika bafuni hayaachiwi yatiririke hadi ufukweni. Hupitishwa kwenye kitalu cha mimea inayonyonya sabuni na virutubisho vilivyomo. Vyoo ni vya mboji, kwa hiyo hakuna karo la kujaa na kufurika.

"Gharama yote hii ya nini, na bahari iko hapo hapo?" baba aliuliza. "Si mngechimba shimo tu?"

"Shimo kwenye mawe haya ni sawa na kumwaga baharini, bwana," mlinzi akamjibu. "Mawe yana matundu. Unachomwaga leo huku juu, kesho kiko kule chini."

Alinyoosha kidole upande wa magharibi, ambako maji yalikuwa yamebadilika rangi kutoka kijani hafifu hadi buluu iliyokolea. Pale ndipo mwamba wa matumbawe unapoanza.

Bahari ya mjomba sebuleni

Safari hii ilianzia kwenye simu. Mjomba wa watoto hao anaishi Uholanzi, na sebuleni kwake ana tangi la kioo la lita 300 lenye maji ya chumvi, samaki wachache na matumbawe hai. Kila wiki hutuma video. Kijana wa miaka 10 amezikariri, na kwa muda mrefu amekuwa akiwaomba wazazi wamnunulie tangi kama hilo.

Mama yake alikuwa akimjibu kwa kifupi: "Mwulize mjomba wako limemgharimu nini."

Limemgharimu fedha, lakini zaidi limemgharimu subira. Mjomba amewahi kuua matumbawe yake mara mbili, kwa makosa mawili yanayopingana.

Kosa la kwanza lilikuwa ukarimu. Alijaza samaki wengi na kuwalisha mara tatu kwa siku. Samaki wakila hutoa uchafu, na chakula kilichobaki huoza. Uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huibadilisha kwa hatua hadi kuwa naitreti, ambayo si kali kama amonia lakini haitoki yenyewe kirahisi. Chakula huacha pia fosfeti. Hivi viwili, naitreti na fosfeti, ndivyo vilevile vilivyomo kwenye mfuko wa mbolea ya shambani.

Na mbolea hufanya kazi yake popote ilipo. Baada ya miezi minne mjomba alipima maji akakuta naitreti miligramu 60 kwa lita. Mawe yalikuwa yameota mwani wa kijani mrefu kama nywele. Matumbawe yaliyokuwa ya zambarau na waridi yaligeuka kahawia, yakaacha kukua, kisha yakafunikwa.

Kosa la pili lilikuwa hasira. Aliapa kwamba safari hii maji yatakuwa safi kabisa. Akanunua mashine ya povu inayochota uchafu kabla haujaoza, akaweka chembechembe za chuma zinazonasa fosfeti, akatia siki kidogo kidogo kila siku ili bakteria waongezeke na kuimaliza naitreti. Vipimo vikafika sifuri. Alifurahi kwa wiki mbili. Kisha matumbawe yakaanza kufifia rangi, nyama yake ikawa inabanduka kwenye ncha, na utelezi wa kahawia wenye mapovu ukatanda juu ya mchanga.

Maji yalikuwa safi, na matumbawe yalikuwa yanakufa njaa.

Sasa tangi lake limetulia. Huwalisha samaki mara moja kwa siku, chakula cha barafu hukisuuza kwanza, na kila Jumapili hubadilisha sehemu ya kumi ya maji. Ana chumba kidogo chini ya tangi ambamo huotesha mwani chini ya taa. Mwani ule hunyonya virutubisho, naye huuvuna na kuutupa. Hulenga naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Kikubwa, anasema, ni kutobadilisha kitu ghafla. Matumbawe huvumilia kiwango kisicho kamili kuliko kiwango kinachopanda na kushuka.

Haya yote kijana aliyajua kwa moyo. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba kuna kisiwa kizima, saa chache kutoka kwao, kinachofanya kazi ileile ya mjomba bila kioo.

Maji safi, maji masikini

Kabla ya kuingia majini kila mtu alipewa miwani ya maji, bomba la kupumulia na jaketi la kuelea. Mlinzi, ambaye alikuwa mvuvi kabla ya kuajiriwa kulinda samaki, aliwaeleza sheria kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Usisimame juu ya tumbawe. Usiguse. Usichukue kitu.

Binti wa miaka saba alining'inia kwenye boya huku mama akimshika kiuno. Alitumbukiza uso, akautoa mara moja, macho yamemtoka.

"Mama! Kuna mji!"

Hakukosea sana. Mwamba wa Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari nchini Tanzania. Zamani wavuvi wa ngalawa hawakuufikia sana kwa sababu ya umbali, na kwa kuwa uko kandokando ya njia ya meli. Kwa hiyo ulipoanza kulindwa ulikuwa bado mzima. Leo zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki kwenye kipande hicho kidogo cha bahari. Kuna matumbawe yaliyokaa kama meza, mengine kama pembe za paa, mengine kama ubongo. Samaki aina ya kipepeo hutembea wawili wawili. Kangaja hupita kwa makundi.

Na kuna sauti. Ukitulia chini ya maji unasikia mtafuno, kama mtu anayekula bisi. Ni pono. Midomo yake kama ya kasuku hukwangua mwani juu ya mawe pamoja na jiwe lenyewe, na jiwe likishasagwa tumboni hutoka likiwa mchanga. Kijana aliposikia kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa ufukweni ni kinyesi cha pono, alisahau matumbawe kwa dakika tano nzima.

Baba ndiye aliyeuliza swali la siku. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba kivuli cha boti kilionekana chini kabisa.

"Maji haya hayana kitu ndani yake. Hawa wote wanakula nini?"

Jibu ni kiini cha jambo lote. Bahari inayozunguka matumbawe ni masikini. Naitreti na fosfeti iliyomo ni ndogo kuliko hata ile ya tangi la mjomba, mara nyingi chini sana. Umasikini huo ndio unaoyafanya maji yawe angavu na mwanga wa jua ushuke hadi chini. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo sana wa jamii ya mwani, wanaopika chakula kwa mwanga huo na kumgawia mwenye nyumba. Sehemu kubwa ya nguvu za tumbawe hutoka kwao. Uchafu wa tumbawe nao huwa mbolea ya wapangaji hao. Ni kama nyumba ya mama mwenye busara: kinachobaki usiku ni kiporo cha asubuhi, na hakuna kinachotupwa.

Ukimwaga mbolea ya bure kwenye nyumba kama hiyo, unavuruga mapatano. Mwani wa nje hukua haraka kuliko tumbawe, hufunika mawe, huziba mwanga. Maji hujaa vijidudu na kuwa na ukungu. Wapangaji wa ndani huongezeka kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba matumbawe yaliyopewa naitrojeni nyingi huku yakikosa fosforasi hupauka kwa urahisi zaidi bahari inapopata joto. Na joto ndilo tishio kubwa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Kisiwa kama Chumbe hakiwezi kupoza bahari. Kinaweza tu kuhakikisha kwamba joto likija, halikuti mgonjwa.

Kwa hiyo Chumbe hufanya mambo mawili ambayo mjomba huyafanya kwa mashine. Huzuia virutubisho visiingie, ndiyo maana ya vyoo vya mboji na vitalu vya kuchuja maji ya bafuni. Na huwaacha pono na kangaja waishi ili wale mwani unaoota, ndiyo maana ya kukataza uvuvi.

Jiwe mfukoni

Mchana maji yalikupwa, familia ikatembezwa kwenye madimbwi ya ufukweni. Binti alihesabu viti vya pwani hadi akachoka. Kijana alibaki nyuma. Waliporudi, mlinzi aliona mfuko wa kaptura yake umetuna.

"Una nini humo, mwanangu?"

Kijana akatazama chini. Kisha akatoa kipande cha tumbawe jeupe, kikavu, kinachotosha kiganja.

"Limeshakufa," alisema haraka. "Nilitaka nianzie tangi langu."

Mama alitaka kumfokea, lakini mlinzi akainua mkono taratibu. Alichukua kipande kile, akakigeuza. Upande wa chini kulikuwa na madoa ya rangi ya waridi, kama rangi ya kucha iliyomwagika.

"Unaona hii? Huu ni mwani, lakini si ule wa nywele. Huu una chokaa. Ndio saruji ya bahari. Unagandisha mawe yasisambaratike. Na mtoto wa tumbawe anayeelea akitafuta pa kukaa, hupenda kukaa hapa. Sasa wewe unataka kuondoka na kiwanja cha mtu."

Kijana alirudi hadi ukingoni mwa maji na kukiweka mahali alipokiokota. Alikaa pale kwa muda, amechuchumaa, akikitazama.

Mwani huo wa waridi una historia yake Zanzibar. Mwaka 1995 jarida la kisayansi la Ambio lilichapisha utafiti ambao mmoja wa waandishi wake alikuwa Adelaida Semesi, mtaalamu wa mwani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafiti waliangalia miamba ya karibu na mji wa Zanzibar, ambako majitaka huingia baharini, wakalinganisha na ya mbali zaidi. Karibu na majitaka, mwani wa chokaa ulikuwa haba. Kadiri walivyokwenda mbali na mji ndivyo ulivyoongezeka. Fosfeti ilikuwa miongoni mwa waliotuhumiwa, kwa kuwa huzuia kiumbe kujenga chokaa yake. Mjomba aliliona jambo hilohilo sebuleni, matumbawe yake yalipoacha kukua.

Jambo la kutia moyo ni kwamba uharibifu wa aina hii unaweza kupungua. Katika Ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, majitaka yalimwagwa kwa miaka mingi hadi mwani wa kijani ukafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yakahamishwa kupelekwa nje ya ghuba. Maji yakaanza kuwa angavu tena, mwani ukapungua, na matumbawe yakapata nafasi. Haikuwa tiba ya siku moja, na ghuba ile bado ina matatizo yake. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa kufunga bomba.

Swali la kwenye boti

Alasiri boti iliporudi Mbweni, binti alilala mapajani mwa mama. Kijana alikaa karibu na baba yake, mguu mmoja unaning'inia. Alikuwa kimya tangu ufukweni.

"Baba."

"Naam."

"Ule usiku wa mvua kubwa, kijana alipokuja kutapisha choo chetu. Ile ilikwenda wapi?"

Baba hakujibu mara moja. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanajua kutapisha choo ni nini. Karo likijaa, mtu husubiri mvua ya masika, hulitoboa upande mmoja na kuacha mvua ibebe. Asubuhi karo liko tupu na hakuna aliyeona. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, na kwenye baadhi ya vichochoro haliingii. Kwa hiyo baba wengi wamefanya hivyo, si kwa ubaya. Huyu pia alifanya, masika yaliyopita. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa macho dirishani.

"Ilikwenda mtoni," alisema mwishowe.

"Mto upi?"

"Msimbazi."

Kijana anaujua Msimbazi, ameuvuka mara nyingi kwenye daladala. Anajua pia unakoishia, karibu na Daraja la Selander, kwa sababu pale ndipo familia hupita ikienda ufukweni wa Coco sikukuu ya Idi.

Hakusema kitu tena. Baba ndiye aliyezungumza.

"Sikuwaza bahari," alisema. "Niliwaza karo tu."

Mama, aliyedhaniwa amesinzia, akafungua macho. "Na majirani zetu pia wana makaro," alisema. "Gari moja likija kwa nyumba tatu, gharama inagawanywa. Tuliwahi kuzungumza, tukaacha."

"Masika bado miezi miwili."

"Basi tuzungumze tena."

Ni mazungumzo mafupi, na hakuna anayeweza kuahidi yataishia wapi. Gari la majitaka likilipwa hupeleka mzigo kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti, badala ya mto. Si nyumba moja itakayoiokoa pwani ya Dar es Salaam. Lakini mkojo na kinyesi cha nyumba moja ni naitrojeni na fosforasi ya kweli, inayopimika, sawa na ile iliyomtesa mjomba kwenye lita 300. Tofauti ni kwamba mjomba alikuwa na kioo cha kumwonyesha.

Jioni ile, wakiwa kwa shangazi yao Mbweni, kijana alimtumia mjomba video ya pono akitafuna. Mjomba akauliza kama bado anataka tangi.

Kijana aliandika, akafuta, akaandika tena: "Kwanza nataka kile kipimo cha fosfeti. Nikapime mto."

Mzazi anayetaka kwenda

Weka nafasi mapema. Kisiwa hupokea wageni wachache kwa siku, na nyumba za kulala ni saba tu. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza kabla, na uliza pia kama kuna bei ya wakazi na ya watoto. Shule za Zanzibar zina mpango wa kuwapeleka wanafunzi kisiwani kujifunza. Mzazi mwenye mtoto shuleni Unguja au Pemba anaweza kumwuliza mwalimu mkuu.

Mueleze mtoto kuhusu choo kabla hamjaondoka, hasa kama ni mdogo. Akishajua kwamba choo kile ni shamba la mboji, atakuwa wa kwanza kutaka kukitumia.

Mvalishe nguo za kuogelea zenye mikono mirefu, zimkinge na jua ili asihitaji kupakwa mafuta mengi yatakayoogea baharini. Beba kofia na viatu vya kutembelea juu ya mawe, kwani maweni yanakata. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea wakati wote, na mtu mzima awe naye kwa umbali wa mkono mmoja.

Ukiwa na mtoto anayetaka tangi la matumbawe nyumbani, usimkatalie kwa kelele wala usimnunulie haraka. Anza na tangi dogo la maji baridi na samaki wawili. Mpe kazi ya kulisha mara moja kwa siku na kubadilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki kwa miezi sita. Mwonyeshe jinsi mwani unavyoota akizidisha chakula. Akimaliza miezi hiyo bila kukumbushwa, mtazungumza kuhusu bahari. Na kama siku hiyo itafika, matumbawe ya kufuga hutoka kwa wafugaji wanaoyakatia vipande kwenye matangi yao wenyewe. Hayaokotwi ufukweni.

Nyumbani, kazi ni zilezile kwa kipimo kikubwa. Jua karo lako liko wapi na lilinyonywa lini mara ya mwisho. Panga na majirani kabla ya mvua. Mafuta ya kupikia na makombo yasiende kwenye sinki. Mbolea ya bustani iwekwe kiasi, na isiwekwe mawingu yakiwa yametanda.

Na mtoto akiuliza maji yanakwenda wapi, mjibu. Kama hujui, nendeni mkaangalie pamoja.